Mboga Ulizomwaga Msituni

Mama,

Jumamosi nilirudi kwenye ile ranchi ya farasi, ambako Wamarekani wa kanisani walitulipia siku mbili mwaka ule tuliofika Columbus. Safari hii nilikwenda na wenzangu wa kazini. Sikwenda kukukumbuka, nisikudanganye tena. Walinialika, nikaenda.

Njia za msituni ni zile zile, zinaanzia nyuma ya zizi. Pale kwenye kibao ndipo uliposimama ukauliza, "Donc, hii pori yote ni ya nani?" Nikakuambia ni ardhi ya umma, ya kila mtu. Ukacheka. "Bon, hata miye ni mtu." Ukafungua kitenge cha pili kiunoni, ukakitandaza, ukaanza kuchuma lengalenga, mchicha wa kwetu, zilizoota pembeni mwa njia, nene, mbichi, ambazo kwenye maduka ya mtaani kwetu Whitehall hatukuwahi kuziona. Ukaimba. Tangu tutoke kambi ya wakimbizi sikuwa nimekusikia ukiimba.

Nilikuwa na miaka kumi na sita. Nyuma yetu wakaja wasichana wa shule yangu na wazazi wao, wakasimama kukutazama. Niliona haya, Mama. Nikakunong'oneza kwamba kuchuma ni kosa, kwamba mlinzi wa msitu akikuona tutarudishwa kambini. Nilijua ni neno gani litakalokutisha, nikalichagua hilo hilo.

Ulizimwaga zote palepale. Ukakung'uta kitenge mara mbili, jani lisibaki. Baada ya hapo ikawa ni kazini, kanisani, nyumbani, basi. Miaka tisa! Kila nilipokualika tukatembee ulijibu, "Pori ya watu, mwanangu, achana nayo." Nami sikukuambia kwamba lile katazo nililitunga.

Jumamosi nilimuuliza mlinzi. Akasema za kula nyumbani hazikatazwi, wala hazikuwahi kukatazwa. Wenzangu wakachuma, wakapigana picha, wakaniuliza zinapikwaje. Nikawaeleza ulivyokuwa ukizipika kwa mawese kule kambini. Kilichonitia aibu siku ile, kwao ni mchezo. Niliwachukia. Nilijichukia zaidi. Na wewe pia nimekukasirikia: kwa nini uliniamini upesi hivyo?

Tena uliwaonya akina mama wote wa kwaya. Mama Furaha hadi leo anawakataza wajukuu wake kugusa hata jani, anasema wewe ndiye uliyemwambia. Wewe umezikwa, uongo wangu bado unatembea kwa jina lako.

Pumzika, Mama. Sikuombi msamaha kwa karatasi, ni rahisi mno. Jumapili kanisani, matangazo yakiisha, nitasimama mbele yao niseme msitu haukatazi mtu kuchuma, na aliyesema uongo ni mimi. Najua Mama Furaha ataniuliza nilikudanganya kwa nini. Nakuahidi sitasingizia utoto. Nitamwambia nilimwonea haya mama yangu mzazi.

Binti yako,
Riziki