Chakula cha Kumzuia Wifi

Jumamosi, 28 Februari

Nimekata shauri. Jenerali hakanyagi jikoni kwangu.

Daktari amesema wakishatoa huu uvimbe wa kizazi Ijumaa ijayo nisiinue hata sufuria mpaka kidonda kipone. Baba watoto papo hapo: tumwite dada. Dada yake mkubwa, wifi yangu — Jenerali. Nilipojifungua kitindamimba alikuja kwa siku chache, akakaa mpaka mtoto akaota meno. Alihamisha vyombo vyangu vyote. Mpaka leo huyu mdogo akiona wali umeshikana anasema, si kama wa shangazi.

Nikamwambia baba watoto hakuna haja. Nitapika, nitagandisha, nyinyi mtapasha tu. Akaitia simu mfukoni. Haraka ya mtu aliyekwisha kupiga.

Jumapili, 1 Machi

Maharage. Nyama ya kusaga. Kuku wa mchuzi, supu ya mifupa, hata mboga za majani nimechemsha. Mgongo umekufa ganzi. Kila bakuli nimelibandika plasta na kuandika siku: Jumatatu, Jumanne, hivyo hivyo mpaka friza ikagoma kufungika. Nikaisukuma na nyonga.

Akija atakosa hata kitunguu cha kukata. Raha niliyonayo, nikiisema kwa sauti nitaitwa mchawi.

Jumanne, 3 Machi

Amekuja. Eti alikuwa anapita tu. Na aproni mkobani!

Amefungua friza kabla hata ya kunywa maji. Akatazama weee.

"Wifi, umepikia kambi?"

"Nimepikia wanangu."

"Chakula cha barafu ni cha wanafunzi wa bweni."

"Basi na wanangu ni wanafunzi."

Baba watoto akajitia kutafuta rimoti. Ilikuwa mkononi mwake.

Jumatano, 4 Machi

Amepika wali. Watoto wamelamba sahani. Sina la kuandika.

Alhamisi, 5 Machi

Nimerudi kutoka kupimwa damu nikakuta maji sakafuni jikoni. Nikadhani kitindamimba amemwaga. Kumbe ni friza. Mabakuli yamelegea, plasta zimebanduka, mchuzi unachuruzika mpaka chini. Waya umechomolewa.

Nikamfuata Jenerali uani. Alikuwa anaanika shuka zangu. Nilimpa zake. Ya wali, ya vyombo, ya miaka yote. Nikamwambia ana roho ya korosho, kwamba anasubiri nipasuliwe aniibie watoto. Majirani wamesikia, na wasikie. Yeye akamalizia shuka, akabana vibanio kimoja kimoja.

"Umemaliza? Waya wako sikuugusa. Nina makosa mengi, lakini chakula situpi."

Nikafungua mdomo nimwite mwongo. Baba watoto akatokea mlangoni.

"Ni mimi."

Nikadhani alitaka kuchaji simu. Siyo. Alichomoa jana kabla ya kwenda kazini, kwa makusudi.

"Kila nikifungua hiyo friza naona mtu anaaga," akasema. "Umetupikia kama mtu asiyerudi. Wewe ukiwa huko, mimi nisimame hapa nasoma mwandiko wako, Jumatatu, Jumanne... Nilishindwa."

Jenerali akaokota beseni, akaingia ndani. Mara ya kwanza maishani mwake kuondoka mahali bila neno la mwisho.

Najua nilitakiwa kulainika. Sikulainika. Mtu ukiogopa unasema, huchomoi waya. Na mimi je? Anayepasuliwa ni nani? Nani kaniuliza kama naogopa? Nimepika nikiwa nimeshika tumbo ili nisifikirie meza ya upasuaji, naye akaona ni yeye tu mwenye moyo.

Nimemwambia kesho asinishike mkono pale mapokezi. Akasema sawa.

Plasta iliyoandikwa Jumamosi imenata kwenye soli ya kiatu changu.

Ijumaa, 6 Machi

Asubuhi. Teksi iko nje. Baba watoto amepakia begi, anakaa mbele na dereva. Hajageuka.

Nyumba nzima inanukia kuku wangu. Jenerali aliamka kabla ya wote, akachagua vilivyokuwa bado na barafu katikati, akavirudisha motoni. Amenifuata mpaka sebuleni na kijiko, kiganja chini yake.

"Onja, wifi. Watoto watajua kama siyo mkono wako."

"Nimekatazwa kula."

"Basi niambie tu. Nilipochemsha upya ladha imekimbia. Wewe unatia nini mwishoni?"

Nikasema naenda kutafuta kitambulisho. Ninacho mfukoni. Nimejifungia chumbani naandika hapa.

Nikimwambia, jiko limekwenda, na watoto wamekwenda nalo. Nisipomwambia watakula kitu kisichonijua, na mimi niko kule nimelazwa.

Teksi inapiga honi. Jenerali anabisha mlango, polepole — sikujua anaweza kubisha polepole.

Nimechana karatasi. Nimeandika: tangawizi, halafu ndimu, moto ukishazimwa. Naipitisha chini ya mlango.