Derrick wa Kwa Simu

Viv, leo nimeaibika hapa Amagoro mpaka nataka kuvukia Uganda.

Unakumbuka ile klipu nilitengenezea bosi wangu Derrick, yule mgombea? Niliambia AI imwombee kura kwa Kiteso, ikatunga maneno yenyewe na kutoa sauti yake kabisa. Imezunguka grupu zote za wadi.

Sasa leo Derrick amekuja mkutano mwenyewe. Baada ya salamu, Kiteso kikamkwamia!

Mama mmoja akasimama: "Wewe ni feki. Keti chini! Tuwekeeni Derrick wa kwa simu, huyo ndiye tunachagua."

KETI CHINI, Viv! Anaambia mgombea!

Na akaketi.

Nikaweka klipu kwa spika. Vigelegele!

Halafu bosi akaninong'oneza: "Nerima, kwani niliwaahidi nini?"

Viv, mimi na Kiteso wapi na wapi?