Mbuzi wa Akoru

Kanamkemer, Lodwar
9 Machi 2025

Mpendwa mwanangu Lotiir,

Wewe ni mjinga. Nimeanza na hilo lisije likasahaulika nikishaingia kwenye salamu. Mtu mzima, ndevu zina mvi, unamkatia mama yako simu kwa sababu ametaja jina la binti yako, Akoru! Haya, barua haikatwi. Ukiitupa nitaandika nyingine, maana mwalimu wa gumbaru, shule yetu ya wazee, anasema mwandiko wangu sasa umeshinda wa chifu.

Sasa salamu. Ejok? Mgongo wako unaendeleaje na hiyo baridi ya Nakuru? Mkeo Asekon ameacha kukohoa? Sisi huku ni wazima. Mvua imenyesha kidogo, mbuzi wanatoa maziwa, na goti langu limenyamaza.

Nilienda Kakuma mwezi uliopita. Mimi mwenyewe, na mbuzi. Dereva alilalamika kwamba mbuzi ananuka, nikamwambia mbuzi naye amelalamika.

Nilimtafuta yule mama wa Sudan Kusini aliyemwokota mtoto wa Akoru pale bombani Lopur. Anaitwa Nyaruach, anauza sukari na unga katika kambi ya wakimbizi. Nilidhani atanitukana kwa sababu ya msichana wetu, kwa hiyo nikaanza mimi, kwa sauti: nimeleta mbuzi wa shukrani, na mtu asijaribu kunifundisha adabu! Akanivutia kiti. "Mama, kaa kwanza. Hata mbuzi amechoka."

Mumewe, Both, mrefu kama nguzo ya stima, akamzunguka mbuzi wangu. "Nyanya, huyu ni mbuzi ama kuku? Kwetu tunashukuru na ng'ombe." Nikamwambia alete hizo ng'ombe zake nizione. Akasema, "Zilibaki nyumbani. Kila siku zinauliza nitarudi lini." Tulicheka mpaka majirani wakaja kuangalia.

Tukishacheka, Nyaruach akanieleza. Alimkuta mtoto asubuhi, amefungwa kwenye leso safi, akamkimbiza kliniki, akakaa naye akimwimbia. Mtoto hakumaliza wiki. Walipokuwa wakimzika, msichana mmoja alisimama mbali, peke yake, na gauni lake lilikuwa limelowa maziwa kifuani. Watu walianza kunong'ona. Nyaruach alivua shuka lake, akamfunika kifua, akamshika mkono hadi kwake. Akampa chai. Hakumuuliza kitu.

Huyo alikuwa Akoru, Lotiir. Alipoweza kusema, alisema yote. Akaenda polisi kwa miguu yake, Nyaruach akiwa kando yake. Nilimuuliza huyo mama kwa nini amsaidie, na yeye ndiye aliyemshika mtoto akimfia mikononi. Akasema, "Nimeona mmoja akifa. Sikutaka kuona wawili." Nikamkabidhi kamba ya mbuzi.

Na wewe unasema Akoru si mtoto wako tena. Akoru alijifungua peke yake, ameshikwa na woga, mwanamume amezima simu. Huyo hujamtafuta hata siku moja umkemee! Alimwacha mtoto mahali ambapo wanawake hufika mapema kuteka maji, kwenye leso niliyompa mimi. Alikosea. Nimemwambia usoni, na sikumpunguzia. Lakini wewe unamtupa wako akiwa na miaka kumi na tisa, mchana kweupe, ukiwa umeshiba. Unalinda geti la watu usiku kucha, halafu geti lako unamfungia mtoto wako!

Tena yule mdogo alikuwa amezikwa bila jina. Nikasema hapana, wa kwetu halali hivyo. Mimi nilitaka aitwe Adome, kama mamangu. Nyaruach alitaka Nyakuoth, jina la kwao, kwa sababu yeye ndiye aliyembeba. Tuligombana hadi chai ikamwagika. Sasa anaitwa Nyakuoth Adome, na sote wawili tunaringa. Tulienda kaburini, Akoru akamwita mwenyewe kwa majina hayo, tukampangia mawe vizuri.

Akoru nilirudi naye. Korti imempa probeshen, kile kifungo cha nje, akae kwangu. Anapika, chumvi nyingi mno, lakini anapika. Juzi mbuzi mweupe alikula kitambaa changu cha kanisani, na msichana akacheka hadi akakaa chini. Nilimfokea, kisha nikageuka upande wa pili nisionekane nikicheka.

Kitu kimoja tu kimebaki. Anakula peke yake pembeni. Maziwa ya nyumba hagusi. Anasema hajapakwa. Ana haki, desturi ni hiyo: mbuzi achinjwe, na baba ampake mwanawe kifuani yale majani ya tumboni mwa mbuzi, ndipo awe wa nyumba tena. Ndugu yako Lokol alijitolea kumpaka. Nikamwambia akapake watoto wake, huyu ana baba.

Mbuzi ni huyo mweupe. Nimemfunga mlangoni na amenenepa kwa vitambaa vyangu.

Msalimie sana Asekon. Yeye huwa ananipigia simu akiwa chooni ili usisikie. Sasa umejua, na ole wako umgombeze. Lokol anakusalimu, na wanawe. Nyaruach na Both pia wanakusalimu, ingawa hawajaona sababu. Akoru hajasema nikusalimu, lakini ananichungulia hapa begani tangu nianze kuandika. Akuj akulinde huko uliko, akupe maisha marefu, na akili akuongezee kidogo.

Wako akupendaye hata ukikata simu,
Mama yako, Namuar

Panda basi Ijumaa. Mbuzi yuko, kisu kiko. Lete mkono wako.