Maharagwe ya Mama Mkwe

Jumamosi, 16 Machi 1974

Mfuko mzima! Hakubakisha hata konzi moja.

Nimerudi kutoka zamu ya hospitali nikamkuta Baba Rose anaosha viatu vyenye matope huku akipiga mluzi. "Mama Rose, shamba nimelimaliza." Kumbe mbegu za maharagwe alizotutumia mama yake kutoka Bungoma amezifukia zote kwenye kile kishamba chetu cha kukodi hapa Uingereza. Na leo asubuhi nyasi zilikuwa nyeupe kwa barafu!

Yule mzee Mwingereza wa kishamba cha jirani alituambia mara mbili: Machi ni kulima na kutia samadi tu, maharagwe yangoje Mei.

"Kwani hukumsikia mzee?"

"Mama ameandika mvua imeanza. Watu wote wamepanda."

"Mvua ya Bungoma, Baba Rose! Bungoma!"

Akaendelea kusugua kiatu ambacho kilishatakata. Kesho tukitoka kanisani nitakwenda kuzifukua moja moja, kabla hazijaoza.

Nilipokuwa nikiandaa meza nikaona barua anayomwandikia mama yake, bado haijafungwa. Mstari wa kwanza: "Mama, na sisi tumepanda."

Nimeifunga mwenyewe, iende hivyo hivyo.