Mmarekani wa Uvira

Bahati,

Ndilo jina lako, nimeambiwa. Mimi nilikuwa nikikuita Marvin, na ningekuita hivyo hadi kufa kwangu kama dada yako asingepanda ngazi za jengo letu hapa Xiaobei, huku kwa Wachina, wiki iliyopita kuja kukuchukua. Toka siku hiyo nina hasira nawe, na hujui ilivyo tabu kumkasirikia maiti. Huna wa kumnunia.

Nianze na habari. Ulipoanguka uwanjani Jumapili ile, madaktari walisema moyo ulikuwa umesimama kabla hujafika chini. Kukusafirisha kulishindikana, ukachomwa, astaghafirullah, mtu mrefu vile ukaenea kwenye kijisanduku. Shule uliyokuwa ukifundisha watoto mpira wa kikapu na Kiingereza imeshaleta Mmarekani mwingine. Vijana wa timu yako, wale wanafunzi wa kwetu, wamechapisha fulana zenye sura yako, chini wameandika "Marvin wa Chicago". Na wafanyabiashara wakirudi jikoni kwangu na marobota yao ya viatu kutoka soko la Liuhua bado wananiuliza, "Mama Zuhura, mlingoti wako leo haji?" Wengine hawajapata habari.

Basi dada yako akaja. Tangu asubuhi nilikuwa nikipanga Kiingereza cha rambirambi, nakirudia huku nasonga ugali. Nafungua mlango, namkuta mwanamke wa vitenge, ananitazama, anasema: "Weye njo Mama Zuhura? Bahati alikuwa anatuambiaka sana juu yako. Anasema unapikaka samaki migebuka sawa mama yetu." Nikamwuliza Bahati ndiye nani. Akashangaa yeye, nikashangaa mimi.

Uvira! Mtu wa ziwa langu mwenyewe! Mimi mwana wa Ujiji nimekaa nikikuchorea Tanganyika kwa kidole kwenye unga uliomwagika mezani, nakuonyesha huku Kigoma, huku Kongo, nawe unaniuliza kama lina mamba. Nilikushika mkono nikakufundisha kufinyanga tonge. Likakuponyoka kwenye mchuzi, watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Nikakufundisha "asante", nikakufundisha "pole", ukayasema kama mtu mwenye kiazi cha moto mdomoni, nami nakupigia makofi. Watu walikusengenya mbele ya sahani yako, "Mmarekani huyu anakula kama mfungwa aliyeachiwa jana," wewe unatafuna tu. Kumbe mwenye kucheka ulikuwa wewe.

Dada yako alinieleza yote. Kwamba kweli ulikwenda Marekani ungali kijana, na shangazi yenu, mkikimbia vita. Kwamba pasipoti ilikuwa yako halali na mpira wako halali. Ubelgiji, Italia, Uturuki, hukunidanganya hata timu moja. Ila wakala wako alikuonya tangu mwanzo usifungue kinywa kwa lugha ya kwenu, maana, kwa maneno ya dada, "Mumarekani wanamupatia nyumba, Mwafrika wanamupatia majaribio." Hapo nikakuelewa. Hapa Xiaobei ni wangapi wamejiita jina jingine ili wapate mkate?

Kisha dada yako akafika kwenye habari ya Ubelgiji. Wewe ulinisimulia ukicheka: jukwaani kulikuwa na Waafrika wanakupigia kelele mechi nzima, hukujua wanataka nini. Bahati, aliyepaza sauti kuliko wote alikuwa mjomba wako. Alikuwa anakuita jina. Hukugeuza hata shingo. Dada yako alilisema hilo akitazama sakafu.

Lakini Ubelgiji kulikuwa na makocha na wakala. Jikoni kwangu kulikuwa na nani? Ni wakala gani alikaa kwenye gunia langu la unga?

Siku ya habari za kifo cha mama. Simu kutoka Ujiji iliingia mchana, wateja wameshaondoka, umebaki wewe. Visa yangu ilikuwa imekwisha. Ningetoka nisingerudi, na wanangu wanakula kwa jiko hili. Nikakaa chini nikamlilia mama kwa lugha niliyonyonya kwake. Nikamwita. Nikamwomba radhi kwamba sitamzika. Nawe ukapiga magoti mbele yangu, ukaniambia kwa Kiingereza chako cha puani kwamba laiti ungejua ninasema nini. Nikakatisha kilio, Bahati! Nikafuta kamasi, nikaanza kutafuta maneno ya Kiingereza nikutafsirie msiba wangu. Nikakwama, maana sikujua Kiingereza cha mwanamke aliyelea watoto peke yake kwa kuanika dagaa. Ukatikisa kichwa. Ukasema "pole", ile ya kiazi mdomoni. Ulikuwa nayo nzima, ya kwenu na ya kwetu, ukanipa ya kuigiza.

Hapo ndipo uliponimaliza. Mengine yote nayameza.

Dada yako alikutetea. Eti ulimwambia, "Nikimujibu mara moja tu, sitaweza tena kurudi kuwa Marvin." Eti ulikuwa unakuja kusikiliza tu, roho itulie. Hiyo si sababu, huo ni ubahili. Mtu anakuja kuota moto wa mwenzie kila siku, yeye hata kijiti hatii! Na bado nakulilia, mjinga mimi. Nikipakua, mkono unaweka sahani ya ziada.

Jumapili vijana wako wanakusanyika uwanjani kukuomboleza. Wameniomba niseme machache, kwa Kiingereza, kwa sababu walimu Wazungu wa shuleni kwako watakuja. Nilimwuliza dada yako kama siri niifiche. Akasema haikulishi tena, niamue mwenyewe. Nimeamua. Nitasema kwa Kiswahili, na nitakuita Bahati, mwana wa Uvira, kwa sauti ile ya mjomba wako. Wasioelewa watatikisa vichwa.

Lala, Bahati. Kukusamehe bado, nisikudanganye, uongo baina yetu umetosha. Ila naahidi jambo moja: sitakutafsiria tena neno lolote, hata dua. Na siku tukionana huko, mimi msemaji wa Ujiji nitafunga mdomo. Utaanza wewe.

Mama Zuhura