Makofi Anayodaiwa Obedi

Kasulu mjini

Mama yangu, mwakeye.

Pokea makofi yangu ya salamu kwa karatasi, maana ndiyo yanayogombaniwa. Goti lako linaendeleaje? Na mvua, imefika huko Busunzu au inaishia kwetu tu, kulowesha baiskeli za watu ninazotengeneza? Sisi tunapumua. Naandika kwa sababu kila nikipiga simu anapokea baba mdogo, na akishapokea yeye, wewe unakuwa umeenda kuchota maji. Dada Neema akusomee polepole, hata pale nitakapokosa adabu.

Baba mdogo alipotutembelea alikaa kwenye kiti changu kizuri, kile chenye miguu yote minne, akangoja Obedi aje amsalimu. Mdogo wangu alikuja. Akainama vizuri tu, ila mikono ikagoma. Ilinyanyuka taratibu kama ya mtu aliyeshika beseni lililojaa, viganja vikagusana bila sauti.

"Hata makofi unaninyima?"

"Mikono imekaza, baba."

"Imekaza kwangu tu? Mbona tonge la ugali unalishika!"

Mke wangu akamweleza kwamba ni dawa aliyoanzishwa, wengine huwakaza hivyo mwanzoni. Baba mdogo akasema dawa inayomla mtu heshima ni sumu. Kesho yake akapanda gari, na kabla sijaziba pancha mbili ujumbe wako ukafika: Obedi arudi nyumbani aombewe, vidonge avitupe.

Mama, mikono ile ilipokuwa myepesi ilifanya nini? Iling'oa mlango wako ikimtafuta mtu aliyekuwa akimtukana kutoka ukutani, ambaye sisi wengine hatukumsikia. Ilimwaga kila sahani uliyompakulia, kwa kuwa mtu huyo alimwambia umetia sumu. Na baba mdogo ndiye aliyeifunga kwa kamba ya katani mpaka ikatoa usaha. Siku zile hakudai salamu.

Sasa analala usiku. Anakula bila kunusanusa, na amenenepa. Nilipomwambia mke wangu kwamba dawa imemnenepesha, akanitazama kitambi: "Na wewe unameza ipi?" Obedi akacheka. Kile kicheko chake cha puani, mama. Nilikuwa nimekisahau.

Tumemrudisha hospitali. Daktari alimkunja kiwiko, akaona kweli amekaza, akapunguza dawa na kuongeza kidonge cha kulegeza mwili. Akatuonya asiache ghafla, hata akijiona mzima. Hasa akijiona mzima. Kama ni maombi, kanisa zima lije, nitaazima mabenchi. Wamwombee akiwa amemeza.

Kwa hiyo simleti. Mnikasirikie mimi, nina mwili wa kutosha.

Jana asubuhi nilimkuta nyuma ya nyumba, ameukabili ukuta. Anainama, anapiga makofi, anainama tena. Nikajua yule mtu wa ukutani amerudi.

"Obedi, unamsalimu nani?"

"Simsalimu mtu, kaka. Najifunza." Akapiga tena, ikatoka sauti ndogo, kama ya mtu anayekung'uta unga. "Yakisikika, mama atakubali niendelee kumeza?"

Fundi mzima wa baiskeli, mama, nikajifanya natafuta spana.

Nisalimie dada Neema anayekusomea hapa, asiruke mstari. Nisalimie shangazi aliyetuletea maharage. Yameisha, na aliyeyamaliza anajulikana. Baba mdogo naye msalimie. Mwambie makofi yake yanakuja, yamepitia hospitali.

Obedi nilimjibu kwamba mama anamtaka yeye, makofi si kitu. Nilimjibu kwa niaba yako bila kukuuliza. Usinifanye mwongo.

Mimi mwanao mwenye kitambi,
Ezekieli