Maji ya Chungu cha Mama Mkwe

Jumanne, 6 Mei 1969

Na mimi nilijiona mjanja.

Mama mkwe alipofika kutoka Asembo wiki jana, aliniambia mapema kwamba maji yaliyochemshwa ni maji yaliyokufa, yananuka moshi, na yeye hayanywi. Sikubishana naye. Kila alfajiri, akiwa bado amelala, nachemsha maji kwenye jiko la makaa, nafunika sufuria vizuri, kisha namimina kwenye chungu alichonipa nilipoolewa. Ikifika saa nne yamepoa na yana ladha ya udongo. Anakunywa na kusifu.

Mvua za mwaka jana watoto walihara mfululizo, na Baba Akinyi hakubali kwamba mtu ametibiwa kama hajachomwa sindano. Mvua hizi nimechemsha maji tangu mwanzo, na hakuna aliyeumwa tumbo. Pesa za sindano zimemnunulia Akinyi viatu.

Lakini leo mama alisema akirudi nyumbani atawaambia majirani wote watafute chungu kama hiki, watoto wao waache kuhara. Nikaogopa. Kule wanakunywa maji ya ziwa hivyo hivyo. Ikabidi niseme.

"Mama, hayo maji nayachemsha."

Alimaliza kikombe chake kwanza, taratibu.

"Najua, Mama Akinyi. Gunia la makaa limeisha na hujapika hata maharagwe. Nilikuwa nangoja nione utanificha mpaka lini."

Kisha akanisogezea kikombe nimwongeze, akauliza yanatakiwa kuchemka kwa muda gani.